Muhogo wa Mama Yako Kwenye Reli

Mpwa wangu Zaituni,

Tunakusalimu wewe na baridi ya huko. Hapa Nakaloke tu wazima, mbuzi amezaa mapacha.

Unauliza kwa nini namkataza mama yako kuanika muhogo kwenye reli, wakati treni ya abiria iliisha zamani. Ile ilikuwa na saa zake, hata kuku walizijua. Kule Jinja nilivuka daraja la reli nikiziamini saa hizo, ikaja ya mizigo. Nilining'inia juu ya Nile kwa mkono mmoja, wa pili nikawasha sigara, wallahi! Lakini daraja lile sijalivuka tena.

Sasa reli inatengenezwa. Jana chuma kilivuma, nikamvuta mama yako. Kikapita kigari cha mafundi tu.

"Afande wa reli!" akanicheka.

Leo ameanika tena. Mpigie wewe, Zaituni. Mimi naogopa.

Mjomba Hamisi