Shadia na bata siku ya wahakiki

Mama Davis, unaikumbuka ile tetesi ya sokoni, eti kambini kwa wakimbizi mgonjwa aliyesimama siku ya kuhakikiwa alikatwa jina? Leonia, jirani yangu hapa Ujiji, ilimkaa kichwani wiki nzima.

Leo wahakiki wa ruzuku ya walemavu wamefika. Leonia kamlaza Shadia wake mkekani, kamfunika blanketi mbili kwa jua hili, magongo ya kutembelea kayatupa juu ya paa. JUU YA PAA!

Mhakiki kauliza, "Binti husimama huyu?"
Leonia machozi yanamtoka: "Baba, tangu azaliwe hajawahi!"

Hajawahi!! Mara bata wakavamia dagaa tulioanika uani. Shadia huyooo! Karuka kwa mguu wake mmoja mzima, kashika ufagio, kawafukuza mpaka barabarani, blanketi ingali shingoni.

"Mama, hajawahi?"
"Baba, si unaona wanamaliza dagaa!"

Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mhakiki kaandika "anatembea", na jina la Shadia limesimamishwa. Fomu ina majibu mawili tu, anatembea au hatembei. Anayeruka kwa mguu mmoja aandikwe wapi? Ule uliopooza hakuutazama hata kidogo.

Alhamisi wanakuja kwenu Ilagala. Kwa Davis wako, nakuomba:
Usimlaze.
Usimfichie magongo.
Usiseme "hajawahi".
Usimjibie, ana mdomo wake.
Usimwache mhakiki aondoke kabla hajautazama mguu wenyewe.