Sababu ya Mama Kusali

Barani, Jumapili

Na bado nimemkasirikia Kazungu, ingawa si kama mchana.

Mama amekuja kututembelea kutoka Ganze, na huyu mdogo wangu, tangu aanze kusomea biolojia chuoni, hawezi kula wali bila kuhubiri. Alimweleza Mama kwamba viumbe vyote vimebadilika polepole kutoka asili moja, na kwamba habari ya Adamu ni hadithi tu. Mama alimsikiliza huku akitoa miiba ya samaki. "Mungu hana haraka, mwanangu. Labda alianza hivyo."

Hapo angenyamaza. Wapi! "Mama, watu wanaamini kwa sababu wanaogopa kufa. Hata wewe."

Nilimfinya paja.

Mama akarudisha tonge sahanini. "Kufa siogopi. Baba yenu alipofariki, nilikosa mtu wa kuzungumza naye habari zenu. Ukiugua, ukifaulu, nimwambie nani? Ndipo nikaanza kusali kwa dhati."

Mimi nisiyekosa ibada nilijiuliza, je, ningeulizwa mimi kwa nini nasali, ningesema nini? Swali hilo linanisumbua mpaka sasa.

Baadaye nilimkuta Kazungu jikoni akiosha vyombo, macho mekundu. Akaniuliza kama Mama humtaja katika sala zake kila siku. Nikamwambia hutajwa yeye kwanza, mimi nafuata.

Jioni alimsindikiza Mama kanisani, akaketi kando yake. Haamini bado, ameniambia waziwazi. Alitaka tu kusikia anavyotajwa. Lakini Mama husali kwa kunong'ona, kwa hiyo ilimbidi ainamishe kichwa.