Sabuni Isiyotoa Povu

Mpendwa Bi Saleha, nisaidie, maana tangu juzi sijui nishike lipi. Mimi ni mzaliwa wa Jidda, wazee wangu walihamia huku kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na nafanya kazi katika kiwanda cha sabuni ambacho zamani hakikujali kitu, mpaka hoteli moja kubwa ya Riyadh iliposema haitanunua tena sabuni inayochafua maji, na majirani wa kiwanda wakaanza kulalamikia harufu ya mtaro, na mabinti wa bosi wetu, Bwana Mazin, nao wakawa wanamsema baba yao mezani, basi akaamua tutengeneze sabuni mpya ya mimea na ndimu isiyodhuru ardhi, nami nikapewa kazi ya kupita majumbani kuwauliza wanaoijaribu wanaionaje.

Nikapita Jidda na Riyadh, nikakaribishwa sebuleni kwa kahawa na tende, na kila madam akaisifu, nguo zake nyeupe pee, nikapeleka sifa hizo kwa furaha, na Bwana Mazin akasema halas, yaani imekwisha, wiki ijayo tunasaini na hoteli. Juzi nilikuwa mtaa wa Malaz, huko Riyadh, madam ananionyesha shuka zake, tukasikia kishindo huko nyuma, nikakimbia, nikamkuta mfanyakazi wake, Mkenya aitwaye Rispah, kaanguka kwenye chumba cha kufulia, macho yanachuruzika, kifua kimembana, na hewa ya humo inaunguza koo, nikamvuta hadi nje, naye akasema, "Mungu wangu, nakufa na watoto sijawaona," nikajikuta namjibu kwa Kiswahili, "Hufi, dada, vuta pumzi."

Alivyonitazama sitasahau. "Kumbe wewe unajua Kiswahili? Kila ukija hapa mimi ndiyo nakuletea kahawa, na hujawahi hata kunisalimia!"

Ni kweli, Bi Saleha, nilikuwa nakificha Kiswahili changu, nikiogopa akina madam wataniweka fungu moja na wafanyakazi wao. Akaniambia sabuni yetu haitoi povu wala haitakatishi kola, na madam akiona doa ni kelele nyumba nzima, kwa hiyo humimina klorini ndani kwa siri, na wenzake wa nyumba nyingine hufanya vivyo hivyo, wamefundishana kwa simu. Sifa zote nilizokusanya zilikuwa za klorini, na klorini ikikutana na ile ndimu yetu hutoa hewa ya sumu, tena tumelionya hilo kwenye chupa, lakini kwa Kiarabu tu.

Rispah kaniapisha nisiseme. "Madam akijua atanirudisha ofisi ya wakala, na ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko mikononi mwao." Nikamwambia madam ni joto tu. Sasa nikisema, Rispah atafukuzwa na Bwana Mazin huenda akarudia sabuni ya zamani, nikinyamaza, sabuni itaingia sokoni hivyo hivyo. Nifanye nini?

Muna, Jidda

*

Mwanangu Muna,

Nimeisoma barua yako nikashika kichwa. Mtu kaanguka anahangaikia pumzi, wewe unatafuta kalamu! Bahati nzuri uliweka namba ya simu, nikakupigia chai yangu ikiwa bado ya moto. Nilivyokuagiza, ukapeleka ujumbe wa sauti kwa wafuaji wote kupitia simu ya Rispah, kwa Kiswahili, kwamba sabuni ile na klorini havichanganywi. Umefanya vyema. Sasa mwambie madam kwamba Rispah alivuta hewa mbaya ya sabuni, apelekwe hospitali akapimwe kifua. Lile "joto tu" lilikuwa uongo, nawe ndiye wa kulifuta.

Nakuonea huruma, lakini kukusema nitakusema. Hoteli ilisema, bosi akasikia. Majirani walisema, akasikia. Mabinti walisema, akasikia. Ukamuuliza madam, naye hajalowesha hata kidole! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeshika nguo hukumuuliza, na lugha yake unayo tangu utotoni. Ukaionea haya. Kiswahili cha bibi yako kimekukosea nini?

Nenda kwa Bwana Mazin kabla hajasaini. Mwambie sifa ulizomletea si za kweli kwa sababu uliuliza sebuleni badala ya kuuliza kwenye chumba cha kufulia. Sema "nyumba kadhaa", usitaje hata moja. Atafoka, mwache afoke. Sabuni ya zamani hawezi kuirudia, hoteli imekwisha kuikataa. Airekebishe mpya itakatishe, onyo liandikwe kwa lugha za wanaofua, na majaribio yarudiwe, safari hii wajibu wafuaji wenyewe, madam akiwa chumba kingine. Akikataa, usitie mkono wako kwenye ripoti ile.

Na jambo moja limenishtua kuliko yote. Uliniandikia jina kamili la yule dada, la madam wake, na jengo wanaloishi. Nimeyafuta yote. Rispah ni jina nililompa mimi, na lako, la bosi na la mtaa pia nimeyabadilisha, na ningekichapa ulichoandika, gazeti hili ndilo lingemfukuzisha kazi. Ukiingia kwa bosi, uwe na mdomo mzito kuliko kalamu yako.

Kisha rudi Malaz. Akikuletea kahawa, inuka, mpokee trei, umsalimie kwa Kiswahili, na madam asikie.

Bi Saleha