Msumari wa Shaba Chini ya Benchi la Mwisho

Sahibu yangu Athumani,

Arobaini yako imepita salama. Pilau ilitosha, na mkeo Bi Zainabu bado yumo edani, anakuombea. Ningependa niishie hapo. Siwezi, kwa sababu wamekusingizia.

Lile basi alilojenga Fundi Petro kwa mchoro wako limepinduka Kitomanga. Lilikuwa linapanda mlima, limejaa watu na magunia ya ufuta. Pua ikanyanyuka, magurudumu ya mbele yakaacha ardhi, na dereva akabaki na usukani usiogeuza kitu. Mama mmoja wa Kinjumbi amevunjika nyonga. Nimemwona hospitalini. Aliniuliza ni nani aliyelipitisha gari lile, nami nikamwambia nitamletea jibu.

Jibu la boma ni hili: mchoro ulikosewa urefu wa nyuma, na aliyeuchora amekwisha kufariki. Taarifa ina kurasa mbili, nimeisoma mara nne, na kila mara sentensi hiyo inanikera zaidi. Imewekwa pale kwa sababu marehemu hajibu. Papo hapo wameifuta namna ile ya bodi ya mbao juu ya chasisi. Unajua maana yake. Kanuni inataka bodi ya kwanza ya kila namna ipelekwe ikakaguliwe. Ikikubaliwa, zinazofuata zijengwe vilevile. Ya kwanza ikifutwa, zote zimekufa. Petro ana chasisi mbili uani kwake, mbao zimekwisha kupigwa randa, na haruhusiwi kupiga hata nyundo moja.

Wakosee wengine, Athumani, si wewe. Mimi nilikaa kwenye kile kibaraza chako Lindi nikiona ulivyowatesa mafundi. Kanuni ziliandikwa Kiingereza, wao hawakukijua, nawe uliyekuwa karani ukawasomea neno kwa neno kisha ukawachorea mchangani kwa kijiti. Petro alikuja kutoka Newala na ufundi wote wa Kimakonde mikononi, akidhani Mzungu mkaguzi atatazama tu kama mlango unafungika vizuri. Ulimrudisha mara mbili. Akalalamika, "Karani, mbona wanipa tabu kuliko huyo Mzungu?" Ukamjibu, "Mzungu atakukataa mbele ya watu. Mimi nakukataa kwangu, kikombe cha kahawa kimo mkononi mwako."

Halafu ule msumari wako. Kila bodi iliyokubaliwa uliitia msumari wa shaba chini ya benchi la mwisho, pale pale urefu ulioruhusiwa unapoishia. Bwana mkaguzi alikuwepo ulipougonga wa basi lile. Alicheka akauliza kama ni hirizi. Nami nilicheka pamoja naye. Nilikwambia unaharibu shaba bure. Hilo nalikubali kwa maandishi.

Juma lililopita nilikwenda Kitomanga. Basi bado limelala ubavu kando ya barabara. Nikaingia na utepe wa kupimia, nikajilaza vumbini, nikautafuta msumari chini ya benchi la mwisho. Haukuwapo. Niliogopa kuwa labda wameung'oa. Kisha nikasogea mbele benchi moja. Ulikuwapo, unang'aa. Nyuma yake kulikuwa na futi mbili na inchi tatu za bodi usiyoichora, zilizoungwa kwa mbao za mwembe. Petro hajawahi kutumia mwembe katika maisha yake. Anasema mwembe ni wa kuchemshia maharage.

Tajiri mwenye basi aliongeza benchi moja kwa fundi mwingine huko Nangurukuru, baada ya ukaguzi. Watu wa pale wamenieleza hadharani, mmoja hata alijisifu kwamba alishika msumeno.

Nikarudi bomani. Mkaguzi akanisikiliza huku anafunga faili. Akasema, "Msumari si hati." Nikamwambia hati ipo, ndio mchoro wako, ina muhuri wake, na msumari umechorwa ndani yake kwa alama ya msalaba. Akasema mchoro hauonekani. Faili la kukulaumu linaonekana, mchoro wa kukutetea hauonekani. Nimefanya kazi ya gazeti miaka mingi, sipandishi sauti ofisini mwa watu. Siku hiyo ilinibidi niikalie mikono yangu isije ikapiga meza.

Sasa tajiri ametuma watu walipasue basi wapate kuni. Wamemkuta Petro. Amehamia pale na mkeka wake na sufuria, na kila anayekuja na shoka humwambia, "Ngoja kwanza, bwana. Maiti hii haijaoshwa, wewe unataka kuizika?" Wanacheka, wanarudi. Lakini hawatacheka daima.

Kwa hiyo nakuahidi jambo moja. Alhamisi nitakwenda na lori la barua hadi bomani, nami nitamwomba mkaguzi, mbele ya makarani wake, tufuatane Kitomanga. Msumari hatujaung'oa, wala hatutaung'oa. Pale ulipo ndipo unaposema. Nitamtandikia mkeka wa Petro ajilaze chini ya benchi, atazame juu, apime mwenyewe. Akikataa kujilaza, nitaandika gazetini kwamba alikataa, siku gani, na mkeka ulikuwa safi.

Kisha nitakwenda kumpa yule mama jibu lake.

Mungu akulaze pema, Athumani. Nilicheka siku ile. Sitacheka tena.

Wako,
Sefu