Sahani Iliyoinuka Upande Mmoja

Kaka,

Salamu zako zilifika. Huku paa la karakana bado linavuja, na paka wako amehamia kwa jirani, kisa maziwa.

Sahani yangu imeshika nafasi ya tatu katika yale mashindano ya kimataifa ya vyombo vya mezani. Nusura waiondoe. Waamuzi waliniandikia kuuliza mbona ukingo umeinuka upande mmoja, au ilipinda tanurini. Niliwajibu kwamba nimeuinua makusudi, kwani mwenye sahani anatumia mkono mmoja tu. Anasukuma chakula kwa kijiko mpaka kigonge ukingo, kisha kinapanda chenyewe kijikoni. Hahitaji kulishwa na mtu.

Mwenye sahani ni Baba. Alipooza upande wa kulia mwezi wa tatu. Alinikataza nisikwambie, usije ukaacha kazi. Kuwaambia waamuzi hakunikataza, kwa hiyo watu watano nisiowajua wamezijua habari zake kabla yako. Ndiyo maana naandika.

Ile sahani itabaki kwenye maonyesho mpaka mwisho wa mwaka. Nilipomfinyangia nyingine aliipima mkononi, akasema, "Nzuri umewapa wageni."

Ukija usimkatie nyama, na usimtazame sana. Safari hii nilifinyanga tatu zinazofanana. Siku hizi hata mimi nakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, kwenye sahani kama yake. Ya tatu iko kabatini, haijaguswa.

Mdogo wako,
Kidongo