Nimeishtaki Timu ya Kikapu kwa Mungu

Shoga, leo Alhamisi tarehe 9. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nikadhani ni baraka. Sasa hivi silii wala sicheki. Nimekaa tu.

Tulikuwa kwenye kikao cha michezo hapa chuoni. Mimi nawakilisha wanafunzi wa jioni, wakaniambia, "Mama Maombi, tufungulie kwa sala."

Unanijua nikifumba macho. Nikasema, "Asante Bwana kwa timu ya soka, umeijenga upya na inashinda. Sasa ihurumie ya kikapu, ilianza kujengwa siku moja na ya soka na bado haina hata msingi."

Haina hata msingi! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mkuu wa chuo akajibu, "Amina. Kama hata Mungu ameshaarifiwa, tuivunje tu."

Watu wakacheka. Na kocha wa kikapu, shemeji yako, mume wangu mimi, ameketi ubavuni kwangu.

Hakuniangalia. Akasimama, akaongea taratibu kama anayeomba chumvi mezani: "Nipeni muhula mmoja. Tusipofika nusu fainali, nitawakabidhi filimbi hapahapa, mbele yenu na mbele ya mke wangu."