Nesi wa Masikio na Mwalimu wa Kusoma

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaikum. Huku Kibiti tu wazima, na mama yako yuko Mahege anavuna ufuta.

Umeniuliza, anayetaka kuwa mtaalamu wa watoto wanaoshindwa kusoma aanzie ualimu au uuguzi? Swali hilo lilishanichanganya nikiwa mwalimu kijana kule Mbwera.

Nilikuwa na mwanafunzi, Zuhura, ambaye hata silabi zilimshinda. Wakaja wataalamu wawili kumpima. Mmoja alikuwa mzee aliyefundisha kusoma miaka mingi. Akasema, "Mrudishe darasa la kwanza." Mwenzake, mama aliyewahi kuwa nesi wa masikio, akasimama nyuma ya Zuhura na kumwita. Mtoto hakugeuka.

"Hasikii vizuri, anafuata midomo yako," akaniambia. "Ukigeukia ubao, anapotea."

Nikamketisha mbele, nikawa nafundisha nikimtazama. Kabla ya mwaka kuisha, Zuhura alikuwa anasoma.

Basi nikaamini mjuzi ni nesi. Waliporudi shuleni, nikampelekea mtoto mwingine asiyeweza kusoma, Mwajuma. Akampima, akasema, "Masikio yake mazima. Zaidi ya hapo sijui, mwalimu." Yule mzee ndiye aliyekaa naye kwenye mkeka, herufi moja moja, mpaka akasoma.

Sasa nikuambie uanzie wapi? Nimefikiri wiki nzima na bado sijui. Ninalojua ni kwamba kwa miaka miwili nilimwita Zuhura mvivu, na cheti cha ualimu nilikuwa nacho.

Nakuombea kheri,
Bibi yako, Mwanaidi